Mteja wangu wa Ujerumani anataka tuhame jukwaa, na mume wangu hajui kwa nini naogopa

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Morogoro, mke na mama wa watoto wawili. Nilifundisha Kiingereza katika shule ya binafsi kwa miaka saba, na mwaka 2021 shule ilipopunguza walimu, jina langu lilikuwamo. Kwa kuwa nilipenda lugha tangu utotoni, nilianza kutafuta kazi za kufasiri mtandaoni, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Mwanzo ulikuwa mgumu, lakini leo nina akaunti yenye maoni mazuri ya wateja katika Upwork, jukwaa la mtandaoni linalowakutanisha wateja na wafanyakazi wa kujitegemea, na kwa mwezi wa kawaida kipato changu kinazidi mshahara niliokuwa nikipata shuleni.

Naandika kwa sababu ya mambo mawili ambayo siwezi tena kuyatenganisha.

La kwanza ni la mwaka 2023. Mtu aliyejitambulisha kuwa mwakilishi wa mchapishaji wa ng'ambo alinifuata Telegram, akasema ameona sifa zangu, akanipa kurasa 40 zenye maneno 12,000 kwa bei ya senti 4 za dola kwa neno. Nilifanya kazi ile usiku tisa mfululizo, watoto wakiwa wamelala. Nilipoituma, nilipewa kiungo cha tovuti ambako niliona jina langu na salio la dola 480, ila sikuweza kuzitoa mpaka nilipe dola 85 za kile walichokiita ada ya uhakiki, ambazo wangenirudishia pamoja na malipo. Nilikopa shilingi 215,000 kwenye kikoba chetu, nikalipa. Siku iliyofuata wakadai dola 120 za kodi. Hapo ndipo macho yalipofunguka. Mume wangu nilimwambia kwamba mkopo ule umekwenda kwenye matibabu ya mama, nami nikaurejesha kidogo kidogo kwa miezi mitano. Hadi leo hajui. Kinachoniuma zaidi ya fedha ni kwamba tafsiri ile ilikuwa nzuri, pengine kazi bora kuliko zote nilizokuwa nimefanya hadi wakati huo.

La pili ni la sasa. Kwa miezi saba nimekuwa nikifanya kazi na kampuni ndogo ya Hamburg inayotayarisha vipeperushi na miongozo ya afya. Hulipa kwa wakati kupitia jukwaa, huuliza maswali ya maana kuhusu istilahi, na takriban nusu ya kipato changu hutoka kwao. Wiki mbili zilizopita mratibu wao aliniandikia kwenye jukwaa kwamba wana mwongozo wa maneno 62,000 na angependa kunieleza zaidi kwa barua pepe, nami nikampa anwani yangu. Barua iliyokuja ilitoka kwenye anwani ya kawaida ya Gmail, si ya kampuni. Ndani yake anapendekeza senti 5 kwa neno, yaani dola 3,100 kwa jumla, kazi ikamilike kwa wiki sita, na malipo yafanyike kwa mkupuo mmoja kupitia benki, siku 30 baada ya kupokea ankara yangu. Anataka tufanye hivyo nje ya jukwaa kwa sababu, kwa maneno yake, makato ya jukwaa yanatuumiza wote wawili. Ameomba jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Mume wangu alipoisikia dola 3,100 alisema hii ni riziki na kwamba nikiikataa nitakuwa nimeipiga teke. Ananiona mwoga asiye na sababu, nami siwezi kumpa sababu bila kufungua ya 2023. Wateja wazuri huandika kwa adabu, na matapeli nao huandika kwa adabu. Nifanyeje nimtambue huyu ni yupi? Na wenzangu wanaosema wana wateja wa kuaminika, huwapata wapi?

Mfasiri wa Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikiwa na kalamu, kwa sababu ina hesabu nyingi kuliko unavyodhani. Nikikuelewa sawasawa, una mteja aliyekutendea haki kwa miezi saba, ambaye sasa anakupa kazi kubwa kuliko zote ulizowahi kupata, lakini kwa utaratibu unaokuondolea kila kinga uliyokuwa nayo. Una jeraha la zamani linalokuambia ukimbie, una mwenzi anayekuambia ukimbilie, na unachoniomba ni njia ya kumtazama mtu usoni na kujua kama ni mkweli.

Nianze na lile la 2023, maana naona umelibeba kama ushahidi wa upumbavu wako. Kila mtu hapa nchini amewahi kupokea ule ujumbe wa simu usemao ile hela itume kwenye namba hii. Humnasa mtu ambaye kweli alikuwa anajiandaa kutuma fedha mahali. Mtego wako ulikuwa wa ukoo huohuo, ila ulisukwa kwa ustadi zaidi, kwa sababu ulitegwa kwa jasho lako mwenyewe. Mtu aliyekesha usiku tisa haoni tena dola 85 kama dola 85. Anaziona kama ufunguo wa mlango wa dola 480 ambazo tayari ni zake. Wale watu hawakuhitaji tafsiri, walihitaji uchovu wako. Katika biashara ya kweli fedha huenda upande mmoja tu, kutoka kwa mwenye haja ya kazi kwenda kwa mfanyakazi, na hata jukwaa linapochukua chake hukikata kwenye fedha ambazo mteja ameshalipa. Siku yoyote fedha zinapotakiwa kurudi nyuma, ziitwe ada, dhamana, kodi, au hata malipo yaliyozidi kimakosa ambayo unaombwa urejeshe sehemu yake, hakuna haja ya kupima adabu ya mwandishi.

Kwenye pendekezo la Hamburg hakuna anayekuomba shilingi. Kwa hiyo nakuomba uutazame upya msingi wa swali lako. Unauliza huyu ni mkweli au ni tapeli, kana kwamba ukishajua hilo mambo yamekwisha. Mimi ningeuliza jambo lingine: siku yoyote utakayoichagua katika kazi hii, ni siku ngapi za jasho lako zitakuwa mikononi mwao bila kulipwa? Mwaka 2023 zilikuwa usiku tisa. Safari hii ni wiki sita za kazi na siku 30 za kusubiri, takriban siku 72, na kwa kuwa maneno 62,000 kwa wiki sita ni zaidi ya maneno 1,700 kila siku ukifanya kazi siku sita kwa wiki, muda wa wateja wako wadogo hautabaki. Fikiria kwamba mratibu huyu ni mkweli kabisa, mcha Mungu, na kampuni yake ni halali. Bado inawezekana mfadhili wao akachelewesha fungu, mhasibu akaenda likizo, au kampuni ikafilisika kabla ya siku ya 72. Mteja mwaminifu aliyechelewa na tapeli aliyetoroka hawafanani mbele ya Mungu, lakini mbele ya duka la mtaani kwako linalokukopesha unga wanafanana sana. Hofu yako ina haki ya kuwapo, ila nadhani inatazama mlango mmoja wakati nyumba ina miwili.

Tuutazame kwanza mlango unaoutazama wewe, kwa sababu ile anwani ya Gmail nami haikunipendeza. Wapo wafanyakazi wa kampuni ndogo wanaotumia anwani binafsi kwa uzembe tu, na kwa kuwa ulimpa anwani yako wewe mwenyewe kupitia jukwaa, uwezekano mkubwa ni kwamba ni yuleyule. Lakini wapo pia waratibu wanaouza kazi ya mwajiri wao pembeni, na zipo akaunti zinazodukuliwa. Kupima hili hakuhitaji ushushushu. Mwandikie kwenye jukwaa, kule unakomfahamu, umwombe athibitishe kuwa barua ni yake na kwamba kampuni inajua habari ya kazi hii, kisha umwombe hati ya agizo la kazi itoke kwenye anwani ya kampuni. Sheria ya Ujerumani inazitaka tovuti za biashara ziwe na ukurasa uitwao Impressum, wenye jina la anayewajibika, anwani ya mahali na, kwa kampuni iliyosajiliwa, namba ya usajili. Namba hiyo unaweza kuitafuta katika daftari la kampuni la Ujerumani, Handelsregister, ambalo tangu Agosti 2022 husomwa mtandaoni bila malipo. Na namba yao ya kodi ya ongezeko la thamani, kama ipo, hukaguliwa katika mfumo wa Umoja wa Ulaya uitwao VIES. Wafasiri wana pia mtandao wa ProZ, wenye ubao uitwao Blue Board, ambako wafasiri husema kama wangekubali kufanya kazi tena na wakala fulani. Usikague jina tu, kwani matapeli huazima majina ya kampuni halali, na wapo hata wanaoiba wasifu wa wafasiri na kuomba kazi kwa majina yao. Chukua namba ya simu au anwani kutoka kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, si kutoka kwenye ile barua, uwasiliane nao kwa njia hiyo.

Tuseme yote yamekuwa sawa. Sasa tuko kwenye mlango wa pili, na hapa njia ni zaidi ya moja.

Unaweza kumwomba kazi ibaki kwenye jukwaa, igawanywe kwa hatua. Ukiigawa mara tano, kila hatua ni maneno 12,400 na dola 620, na mteja huweka fedha za hatua hiyo kwenye amana inayoshikwa na jukwaa kabla hujaandika neno la kwanza. Ukishawasilisha, ana siku 14 za kukagua, na asiposema chochote malipo huachiliwa. Kwa njia hii hasara yako kubwa kabisa haizidi kazi ya siku chache. Gharama yake, kwa makato ya asilimia 10 kwa mfano, ni dola 310. Mteja anaziita maumivu, na nadhani nawe umeanza kuziita hivyo. Ziweke karibu na dola 480 za mwaka 2023, pamoja na zile 85, kisha uone kama jina hilo bado linazifaa. Kama tatizo la kweli ni makato, yanajadilika: ukimwomba senti 5 na nusu kwa neno, jumla inakuwa dola 3,410, na baada ya makato hayo unabaki na 3,069, karibu sawa na alizokuahidi. Jibu atakalotoa kwa ombi hilo litakufundisha mengi. Upungufu wa njia hii ni kwamba anaweza kuudhika, au bajeti yake kweli isiruhusu, na kazi ikaenda kwa mfasiri mwingine.

Njia ya kuhama nayo ina masharti ambayo pengine mratibu hakukutajia. Upwork inawataka mteja na mfanyakazi waliokutana kwake waendelee kulipana kupitia kwake kwa miezi 24 tangu walipoanza uhusiano, isipokuwa mteja amelipa ada ya kuwaruhusu wahame. Ninyi mna miezi saba. Mkihama kimyakimya na ikajulikana, akaunti yenu yoyote inaweza kufungwa. Lakini yeye atatafuta wafasiri kwingine kesho, ilhali wewe utakuwa umepoteza maoni ya wateja uliyoyakusanya kwa miaka. Hapo ndipo ninapoona mizani haijakaa sawa, hata kama hakukusudia. Akiwa tayari kulipa ada hiyo, kuhama kunakuwa halali, na mnaweza kuandikiana mkataba mfupi: arubuni ya asilimia 30, yaani dola 930, kabla ya kuanza, kazi ikabidhiwe kwa mafungu, kila fungu liwe na ankara yake na siku 14 za kulipa, na fungu linalofuata lisikabidhiwe kabla lililotangulia halijalipwa. Malipo ya benki kwa benki yakishaingia si rahisi kuyarudisha, tofauti na hundi au malipo ya kadi, kwa hiyo pendekezo lake la benki halinitishi. Atahitaji jina lako, namba ya akaunti, na jina la benki pamoja na msimbo wake wa SWIFT, unaoitambulisha benki kimataifa. Nywila na namba za siri zinazotumwa kwenye simu yako hazimhusu.

Ipo pia njia ya katikati, ya kufanya sura ya kwanza tu kwenye jukwaa kama mlivyozoea, ili yaliyobaki mwamue mkiwa mmeshaona kasi ya kazi na kasi ya malipo. Na ipo ya kukataa. Sitaki uidharau hiyo ya mwisho kwa sababu tu mumeo ameiita kupiga teke riziki, ila ukumbuke kwamba mteja huyu amebeba nusu ya kipato chako, na kumkatalia kazi kubwa kunaweza kupunguza na ndogo.

Hilo linanileta kwenye swali lako la wenzako, ambalo uliliandika mwishoni kana kwamba ni la pembeni. Nilifanya kazi ya kuhakiki miswada kwa miaka mingi kabla ya safu hii, na nilichokiona ni kwamba mtu mwenye mteja mmoja mkubwa huogopa kuomba arubuni, na mwenye watatu huomba bila kupepesa. Waliotulia hawakuwa na jicho kali kuliko lako. Walikuwa na uwezo wa kusubiri. Wewe umeshafasiri vipeperushi vya afya kwa miezi saba, na bila shaka una orodha ya istilahi ulizozipatia ufumbuzi, zile ambazo mfasiri wa jumla hubabaika nazo kwa nusu saa. Mteja wa afya anayeogopa mgonjwa asielewe kipimo cha dawa hamtafuti mfasiri wa bei ya chini, anamtafuta anayejua tofauti ya maneno hayo. Wasifu wako unasema hivyo, au unasema unafasiri kila kitu? Maombi yako ya kazi yanaanza na habari zako, au na jambo moja uliloliona kwenye tangazo la mteja? Mteja mpya akiomba jaribio, maneno 200 au 300 ni desturi. Akiomba kurasa kumi bila malipo, huenda ameligawa andiko lake kwa waombaji kumi. Na ile tafsiri ya 2023 unayoililia, ukijiridhisha kwamba maandishi yake si siri wala mali ya mtu aliyezuia matumizi, ukurasa mmoja wake unaweza kuwa sampuli ya ustadi wako.

Limebaki la mumeo. Umeandika kwamba anakuona mwoga asiye na sababu. Sababu ipo, yeye ndiye hakupewa. Anashauri akiwa na nusu ya habari, na kwa nusu hiyo ushauri wake si wa kijinga hata kidogo. Unaweza kuamua kuhusu Hamburg bila kumwambia ya kikoba, kwa kumweleza masharti ya kazi hii kama nilivyokueleza mimi, na huenda zile siku 72 zikatosha kumtuliza. Unaweza pia kumwambia, na simjui kiasi cha kukuhakikishia kwamba hatakasirika. Tena huenda kitakachomuuma si zile 215,000 bali mama yako kuingizwa katika jambo asilolijua. Ninachokiona kutoka huku mbali ni kwamba uliurejesha mkopo peke yako kwa miezi mitano, na tangu hapo kila mteja mpya unamhukumu peke yako pia. Unajua wewe ni jioni ipi inayofaa kwa mazungumzo ya namna hiyo nyumbani kwako, na kama ipo.

Mwisho wa mwezi haujafika. Ujumbe wa kumwomba athibitishe barua unaandikwa kwa dakika kumi, na ombi la mafungu au arubuni linaweza kufuata siku hiyohiyo akishajibu. Akijibu, niandikie alisema nini kuhusu arubuni. Na kama alikuharakisha badala ya kukujibu, niandikie hilo pia.